Tukodi meli yetu ya ngano, au tuendelee kununua Mombasa?

*Swali: Sisi ni wasagaji wanne wa ngano: wawili tuko Industrial Area, mmoja Ruiru na mmoja Thika. Miaka yote tumenunua kwa muuzaji anayeileta ngano mpaka Mombasa, na kwa hesabu yetu nauli ya meli ndani ya bei yake ni dola 49 kwa tani. Sasa dalali ametupatia meli ya kukodi kutoka Bahari Nyeusi kwa dola 42. Kwa tani 30,000 tunaokoa dola 210,000. Muhtasari alioutuma unasema: GENCON 1994, asilimia 5 zaidi au pungufu kwa hiari ya mwenye meli, kushusha tani 3,000 kwa siku ya hali nzuri ya hewa, SHINC, WIBON, demareji dola 17,000 kwa siku, na nusu yake turudishiwe tukiwahi. Mwenzetu mmoja anasema siku kumi ni nyingi mno, kwa vile zinaanza kuhesabiwa meli ikifunga gatini, Jumapili na mvua hazihesabiwi, na ngano ikiharibika bima ya meli italipa. Dalali anataka jibu kwa barua pepe kabla ya Ijumaa. Kwa kuwa hatujatia saini popote, tukimjibu ndiyo si bado tunaweza kurudi nyuma? Tuichukue au tuiache?*

Ndugu zangu, nianze na hiyo Ijumaa, maana haingoji. Msimjibu "ndiyo" tupu. Mikataba ya kukodi meli, ambayo mingi hufuata sheria ya Uingereza, haisubiri saini. Muhtasari ukishakubaliwa kwa barua pepe, au hata kwa WhatsApp, na masharti ya kusubiri yakaondolewa, mkataba upo. Karatasi yenye saini na mihuri huja baadaye, meli pengine ikiwa tayari njiani.

Kinga yenu ni hayo masharti ya kusubiri: "kwa sharti kwamba wapokeaji waidhinishe", "kwa sharti kwamba bodi ikubali". Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua, katika kesi ya meli Newcastle Express, kwamba sharti la idhini ya mpakiaji na wapokeaji likiwa halijaondolewa, hakuna mkataba unaofunga upande wowote. Kwa hiyo mjibuni dalali kwamba mnaendelea na mazungumzo kwa sharti la idhini ya wapokeaji wote wanne, na mtajieni siku na saa mtakayompa jibu la mwisho. Akisema meli itachukuliwa na wengine, iacheni ichukuliwe. Meli za ukubwa huo ziko nyingi.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Mnauliza kama dola 7 kwa tani ni akiba ya kweli. Ni ya kweli, lakini ina kazi yake. Muuzaji wenu, kama mkataba wake ni wa kawaida wa bei inayojumlisha nauli, amekuwa akiipanga meli, akichagua ukubwa wake na kubishana na mwenye meli muda ukipita. Mkikodi wenyewe, kazi hiyo na hasara yake vinahamia kwenu, katika bandari zote mbili. Kabla ya kulinganisha 49 na 42, someni pia mkataba wenu wa sasa wa kununua. Wauzaji wengi huweka kipengele kinachombebesha mnunuzi demareji ya Mombasa, yaani malipo ya kila siku meli inapopitisha muda wake wa kushusha. Kama kimo, basi tayari mnaibeba sehemu ya hatari hiyo bila kujua. Angalieni vilevile kama 49 inajumlisha gharama ya kushusha, kwa sababu 42 yenu haijumlishi. Chini ya GENCON 1994, fomu ya kawaida ya mkataba wa kukodi meli kwa safari, kupakia, kupanga na kushusha ni kwa gharama ya mkodi.

Mwenzenu amekosea mahali pa msingi, na nitaeleza kwa utaratibu kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapo.

Mwenye meli anapowapa nauli ya dola 42, ameshapiga hesabu ya siku: za safari, za kupakia, za kushusha. Meli yake ina gharama kila siku iamkapo, iwe inatembea au imetia nanga. Kwa hiyo anawapa muda maalumu wa kushusha. Kwenu ni tani 30,000 kugawa kwa 3,000, yaani siku kumi. Kila siku inayozidi mnailipia dola 17,000, fidia mliyokubaliana mapema ili pasiwe na ubishi wa hasara halisi ilikuwa kiasi gani.

Saa inaanza kugonga lini? Nahodha akifika anatoa notisi ya utayari. Chini ya GENCON 1994, notisi ikitolewa mpaka saa sita mchana, muda unaanza saa saba mchana siku hiyohiyo. Ikitolewa baada ya saa sita, ndani ya saa za kazi, unaanza saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi inayofuata. Hakuna mahali panaposema muda unasubiri meli ifunge gatini. Kinyume chake, fomu hiyo inasema kama gati halipatikani, notisi inaweza kutolewa meli ikiwa nje ya bandari, na muda unahesabiwa kana kwamba imeshafunga. Herufi WIBON katika muhtasari wenu zinakazia hilohilo: imefunga gatini au haijafunga, saa inagonga. Foleni ya meli pale nje ya Mombasa ni yenu. Na herufi SHINC maana yake Jumapili na sikukuu zimo ndani ya hesabu. Mwenzenu alikuwa akifikiria SHEX, ambayo ndiyo inayoziondoa.

Kuhusu mvua, yuko sahihi nusu. "Siku ya hali nzuri ya hewa" inaondoa saa za mvua, na ngano hailoweshwi: wingu likitanda mifuniko ya vyumba vya shehena inafungwa na kazi inasimama. Lakini kinga hiyo inaishi ndani ya zile siku kumi tu. Muda ukishakwisha na meli ikaingia kwenye demareji, kila saa inalipiwa, ya mvua, ya usiku na ya Jumapili, isipokuwa mkataba useme wazi vinginevyo. Mabaharia na mawakili wana msemo wao: ukishaingia demareji, umo ndani ya demareji mpaka mwisho.

Tuipigie mfano kwa tarakimu zenu wenyewe. Meli inatoa notisi Jumatatu saa tatu asubuhi, muda unaanza saa saba mchana. Gati limeshikwa, inakaa nangani siku saba na kufunga Jumatatu inayofuata saa saba mchana. Siku saba zimekwenda na hamjashusha hata punje moja. Zimebaki tatu, zinakwisha Alhamisi saa saba mchana. Kushusha kunachukua siku kumi za kazi, pamoja na mvua ya Ijumaa na Jumamosi kutwa nzima, jumla siku kumi na mbili. Ile mvua imekuja baada ya muda kwisha, kwa hiyo haiwasaidii. Demareji ni siku tisa mara dola 17,000, sawa na dola 153,000. Akiba yenu ya 210,000 imebaki 57,000, chini ya dola 2 kwa tani. Foleni ikiwa siku kumi na moja badala ya saba, demareji ni siku kumi na tatu, dola 221,000, na hapo mmeshapata hasara ya dola 11,000 kabla ya kuhesabu gharama nyingine yoyote. Kwa ufupi, siku kumi na mbili na ushei za demareji zinaimeza akiba yote.

Hapo ndipo swali la kweli lilipo: je, mnaweza kushusha tani 3,000 kwa siku, kila siku, kwa siku kumi mfululizo? Kituo cha nafaka cha bandarini chenye mitambo ya kunyonya au mikanda kinaweza. Lakini nafaka lazima iwe na pa kwenda. Lori la trela linabeba tani 28 hivi kwenda Nairobi kwa mipaka ya uzito wa ekseli. Tani 3,000 ni malori 107 kwa siku. Kutoka Mombasa mpaka kwenu ni karibu kilomita 480. Ukijumlisha foleni ya kupakia, mizani, kushusha kwenu na kurudi, lori moja likimaliza mzunguko kwa siku tatu limefanya vizuri. Maana yake mnahitaji malori zaidi ya 320 yasiyofanya kazi nyingine. Hamna, na kwa msafirishaji mmoja hamtayapata. Bila nafasi ya maghala ya silo pale bandarini, iliyothibitishwa kwa maandishi kwa tani na kwa tarehe, kasi yenu halisi itakuwa kasi ya malori. Silo zikijaa mitambo inasimama, na kusimama kwa sababu ya silo kujaa si mvua, hakuna kipengele kitakachowaokoa. Reli inapunguza mzigo huo, ila mabehewa nayo yanapangiwa mapema.

Kama mtaendelea na meli hii, basi jadilini kasi kabla ya kujadili nauli. Waagizaji wapya hupigania senti 50 za nauli na kuacha kasi ilivyoandikwa, wakati fedha ziko kwenye kasi. Ombeni tani 2,000 kwa siku badala ya 3,000. Muda unakuwa siku kumi na tano. Rudieni mfano wa kwanza: siku saba za foleni zimekwenda, zimebaki nane, na ile mvua ya Ijumaa na Jumamosi sasa imeangukia ndani ya muda, kwa hiyo inaondolewa. Muda unakwisha Alhamisi ya wiki inayofuata, meli inamaliza Jumamosi. Demareji ni siku mbili, dola 34,000 badala ya 153,000. Hata mwenye meli akiongeza nauli dola 2 kwa tani, yaani dola 60,000, bado mko mbele kwa dola 59,000. Foleni ikikosekana kabisa mtakuwa mmelipia utulivu ambao hamkuuhitaji, ingawa sehemu yake itarudi kwa njia ya ile nusu ya kuwahi.

Ile "asilimia 5 kwa hiari ya mwenye meli" nayo ina meno. Nahodha anaweza kutaka tani 28,500 au 31,500, apendavyo. Barua yenu ya benki, kibali cha kuingiza mimea cha KEPHIS na mkataba wa kununua vyote viwe vinakubali mpaka tani 31,500, la sivyo mtalipia nafasi tupu. Thibitisheni pia kwamba mzigo unaingia. Ngano inachukua mita za ujazo 1.3 hivi kwa tani, kwa hiyo tani 30,000 zinataka karibu mita za ujazo 39,000. Waambieni wawape ujazo wa vyumba vya shehena kwa nafaka, idadi ya vyumba na uwezo wa kreni zake. Kisha pelekeni urefu wa meli na kina itakachozama ikiwa imejaa kwa msimamizi wa kituo na kwa Mamlaka ya Bandari, mwulize kama gati linaipokea. Ikibidi meli ipunguziwe mzigo kwanza mahali pengine, saa inaendelea kugonga.

Ulizeni shehena tatu za mwisho ilizobeba. Meli iliyotoka kubeba makaa, klinka au mbolea inaweza kubeba ngano, ila vyumba vioshwe, vikaushwe na kukaguliwa na mkaguzi huru kwenye bandari ya kupakia. Kutu inayobanduka, mabaki kwenye mbavu za chuma au harufu ni sababu ya kuikataa mpaka isafishwe tena, na muda huo usihesabiwe kwenu. Mkaguzi huyohuyo apime mifuniko kwa mtambo wa mawimbi ya sauti. Maji ya bahari yanayopenya kwenye mpira wa mfuniko huacha mstari wa ngano iliyoumuka na kuota ukungu moja kwa moja chini ya kiungo, na KEBS, shirika la viwango, hawatawaruhusu kuichanganya na iliyobaki.

Kuhusu bima, mwenzenu amekosea kabisa. Meli huwa na bima ya klabu za wamiliki, lakini hiyo inamlinda mwenye meli dhidi ya madai, haiwalipi nyinyi moja kwa moja. Ili mlipwe lazima kwanza mwenye meli awe na dhima kisheria. Dhoruba isiyotarajiwa, au kosa la uongozaji wa meli chini ya Kanuni za Hague, kanuni za kimataifa za kubeba mizigo baharini, humtoa. Ngano yenu muikatie bima ya shehena ya baharini. Sheria ya Kenya inataka bima ya bidhaa zinazoingizwa ikatwe kwa kampuni ya humu nchini. Zaidi ya hiyo, mkodi anahitaji bima ya dhima yake mwenyewe, kwa mfano makuli wakiharibu mfuniko au ngazi ya chumba kwa kijiko cha kreni. Hiyo wengi huisahau.

Mzigo ukionekana na dosari, toeni barua ya madai siku ileile unaposhushwa, au ndani ya siku 3 kama dosari haionekani kwa macho, na kumbukeni kwamba chini ya kanuni hizo mna mwaka mmoja tu wa kufungua kesi au usuluhishi. Upungufu mdogo msiufanyie vita. Kipimo cha uzito kwa kusoma kina cha meli kinaweza kupishana kwa nusu asilimia hivi, na nusu asilimia ya mzigo wenu ni tani 150.

Njia je? Muhtasari hausemi meli itapita wapi, nalo ni pengo kubwa. Kutoka Bahari Nyeusi kupitia Suez mpaka Mombasa ni wiki mbili na kidogo kwa mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Tangu meli za biashara zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, wamiliki wengi wamekuwa wakikataa njia hiyo au kudai nyongeza ya bima ya vita, na Bahari Nyeusi yenyewe ni eneo la vita tangu 2022. Iandikwe wazi: njia ipi, nyongeza ya bima ni ya nani, na ina kikomo gani. "Nyongeza yoyote kwa mkodi" bila kikomo msiikubali.

Kuna jambo ambalo hamkuliuliza na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Nyinyi ni wanne. Mkodi ni nani? GENCON inampa mwenye meli haki ya kuzuia shehena kwa ajili ya nauli na demareji ambayo haijalipwa. Ngano imemwagwa pamoja, haina jina. Mmoja wenu akikwama na benki yake, mwenye meli anaweza kuuzuia mzigo, na wakati huo malori yenu yako getini. Na kama mmoja ndiye aliyekubali muhtasari kwa jina la kampuni yake, yeye peke yake ndiye anayedaiwa, hata kwa sehemu ya wenzake. Andikianeni mkataba wa ndani kabla ya kumwandikia dalali: nani mkodi, kila mmoja ana asilimia ngapi, amana ya demareji inawekwa wapi kabla meli haijapakia, upungufu unagawanywaje, na ngano ya nani inatoka kwanza. Hati za shehena ziwe nne. Zichelewe benki hata siku mbili, nahodha ana haki ya kukataa kushusha bila hati halisi au bila barua ya dhamana anayoikubali, na muda wenu unaliwa.

Ushauri wangu: kwa muhtasari ulivyo, iacheni. Kwa masharti yaliyorekebishwa, yaani kasi ya tani 2,000, SHEX, au angalau WIBON na kile kipengele cha GENCON cha kuhesabu muda meli ikiwa nje ya bandari viondolewe, njia iandikwe, na demareji ya bandari ya kupakia imrudie muuzaji kupitia mkataba wa kununua, ni biashara inayofaa, mradi nafasi ya silo ipo. Njia ya kati, ninayoipendelea kwa kundi linaloanza, ni kununua chumba kimoja au viwili ndani ya meli ya mwagizaji mkubwa. Meli za ukubwa huu mara nyingi huwa na vyumba vitano, kwa hiyo chumba kimoja ni kama tani 6,000. Hamtaokoa dola 7, lakini mtapata rekodi ya matukio ya meli hiyo, saa kwa saa, tangu notisi mpaka kumaliza. Ombeni nakala. Rekodi za meli mbili tatu zitawaonyesha foleni halisi na kasi halisi, na mtajua mseme tani ngapi kwa siku mtakapokodi yenu. Kukodi meli kwa siku, ambako mafuta nayo mnanunua nyinyi, dalali akiwapendekezea, kataeni kwa sasa.

Kuna mahali ambapo maelezo ya kusoma hayatoshi. Kama tayari mmoja wenu amemjibu dalali kwa maneno yanayoweza kusomeka kama kukubali, nendeni leo, si kesho, kwa wakili wa sheria za bahari, Nairobi au Mombasa, na mazungumzo yote ya simu na barua pepe yakiwa yamechapishwa. Msiandike tena neno kwa dalali kabla ya hapo. Kama hamjajibu, mwoneni wakili huyo kabla ya kuondoa masharti ya kusubiri. Mpelekeeni muhtasari, mkataba wa kununua, rasimu ya makubaliano yenu wanne, na jibu la maandishi la kituo cha nafaka kuhusu gati na silo kwa tarehe meli inapotarajiwa. Jibu hilo la kituo liombeni asubuhi ya leo, maana ndilo linalochukua muda mrefu kupatikana.